Radi, Mbwa wa Ulinzi na Kisingizio cha Najisi



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mvua zimeshaanza. Kila ikifika Alasiri mawingu yanajikusanya juu ya milima, upepo unatoka ziwani, na kabla ya Magharibi ngurumo zinaanza. Wengi mmeniomba niandike kuhusu dua za mvua na radi, na in shaa Allaah nitaandika. Lakini leo nataka kumzungumzia kiumbe ambaye yuko majumbani mwa wengi wetu na hatumtaji kabisa kwenye kurasa zetu, naye ni mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba usiku wa radi.

Najua wapo watakaocheka na kusema mwalimu kaishiwa mada. Na wapo watakaokasirika, waseme masikini wanalala njaa na wewe unatuletea habari za mbwa. Nawaomba subira. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanaocheka, mpaka lilipotokea jambo katika madrasa yetu ambalo sina fahari nalo.

Ilikuwa mwezi wa Aprili 2019, hapa Buyenzi, Bujumbura. Baada ya Alasiri watoto wadogo walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakisoma, na wakubwa walikuwa kwenye mabenchi. Jirani yetu ana stoo ya mahindi na mawese, na alikuwa na mbwa wa kulinda stoo hiyo. Ilipopiga radi ya kwanza kubwa, yule mbwa akakata mnyororo, akaruka ukuta mfupi, akaingia moja kwa moja darasani. Kipande cha mnyororo kilikuwa bado kinaning'inia shingoni. Akapita katikati ya watoto akajibanza chini ya benchi pembeni, mwili wote unatetemeka na udenda unamtoka.

Watoto wakapiga kelele. Nami nikapiga kelele zaidi yao: “Najisi! Mtoeni!” Sikusema zaidi ya hapo. Vijana wakubwa hawakuhitaji maneno mengine. Mmoja akachukua fimbo, mwingine mawe, mwingine akauvuta ule mnyororo. Mbwa aliyezibiwa njia, huku mbingu zinapasuka juu yake, alifanya ambacho mnyama yeyote angefanya. Akamng'ata mkononi mtoto wa miaka kumi aliyekuwa karibu, kisha akakimbia nje. Vijana wakamfuata. Asubuhi jirani alimkuta mtaroni, amekufa.

Sasa sikilizeni sehemu inayonitia aibu zaidi. Mbwa alipotoka, amri yangu ya kwanza ilikuwa kutoa mikeka, kutafuta udongo na kuosha mara saba. Tukaanza kuosha mkeka. Mtoto amesimama ukutani ameushika mkono wake, damu inamtiririka, na sisi tunahesabu: moja, mbili, tatu. Ni mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe ndiye aliyeuliza, “Mwalimu, na huyu mkono wake mmeuosha?”

Daktari alitueleza baadaye kwamba jeraha la mbwa linatakiwa kuoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili, kisha mtu akimbizwe hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba. Na akasema kama mbwa angekuwa hai angefungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, inajulikana kuwa hakuwa na maradhi hayo alipong'ata. Kwa kuwa tulikuwa tumeshamuua, hapakuwa na cha kuangalia, ikabidi mtoto achomwe sindano zote. Alhamdulillaah ni mzima. Wazazi wake waliuza kitu ili walipe.

Jirani alikuja kesho yake. Hakugomba. Alisema tu, “Mwalimu, si mngeniita? Mimi nipo hapo hapo.” Na wiki iliyofuata, katika darasa la hadithi, msichana mmoja wa miaka tisa aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, yule mbwa mwenye kiu uliyetusomesha, alikuwa mbwa wa namna nyingine?”

Sikuwa na jibu siku ile. Haya ninayoandika ni jibu langu, limechelewa miaka.

Kwanza tuelewe kinachomtokea mnyama huyu. Sikio la mbwa si kama letu. Mwanadamu husikia sauti nyembamba mpaka kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika karibu 45,000. Radi ambayo kwetu bado ni mnong'ono wa mbali, yeye huenda ameshaisikia. Huenda ndiyo maana mtamwona mbwa ameanza kuzunguka zunguka, kuhema ulimi nje, kukataa chakula na kuchimba ardhi wakati nyinyi bado mnaanika nguo. Si mbwa wote wako hivyo, wengine hulala tu. Lakini yule anayeogopa haogopi kwa ukaidi wala kwa kujidekeza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima homoni ya msongo katika mate ya mbwa wanaoogopa radi, na waliposikilizishwa sauti za dhoruba homoni hiyo ilipanda zaidi ya maradufu. Ni hofu ya mwilini, iko ndani ya damu.

Mnyama mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kujificha. Mnyororo unamziba zote mbili. Anachobakiwa nacho ni kuuvuta mpaka ajinyonge, au aukate na kuruka ukuta, au amgeukie anayemkaribia. Wengi wetu tumeona meno ya mbwa yaliyovunjika kwa kutafuna mnyororo na tukasema “huyu ni mkali”. Huenda alikuwa anaogopa.

Na nani katika nchi zetu hizi asiyeijua hofu hiyo? Tunaishi katika mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Wanasayansi walipozipanga sehemu hizo kwa picha za satelaiti, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, ya pili duniani ilikuwa Kabare, hapo ng'ambo Kivu ya Kusini, na ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi wilayani Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 watu wasiopungua 15 walikufa kanisani Nyaruguru, Rwanda. Mtoto wako akisikia ngurumo akakimbilia kitandani kwako humpigi, unamkumbatia na kumfundisha dua.

Hata Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), kama alivyotusimulia Mama ‘Aaishah (Radhiya Allaahu ‘anha), alikuwa akiona mawingu mazito au upepo mkali uso wake hubadilika, huingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Alikumbuka watu wa ‘Aad ambao walidhani wingu lao ni la mvua. Basi hofu ya radi si jambo la kudharauliwa kwa aliye nayo, awe nani. Na Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa) Ametujulisha katika Suuratul-An‘aam kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

Nakuja kwenye kisingizio. Mimi ni mwalimu wa fiqhi na sitaki mtu aseme nimekuja kulegeza dini. Madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy (Allaah Amrehemu), ambayo ndiyo tunayosomesha hapa, yanasema mbwa ni najisi nzito, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo liko pale pale. Madhehebu ya Imaam Maalik yanasema mbwa mwenyewe ni twahara, na kuosha chombo ni ibada tu. Wafuasi wa Imaam Abuu Haniyfah wanaona mate ndiyo najisi, si mwili. Kila mtu ashike alichosomeshwa. Lakini fungueni vitabu vyote hivyo, katika mlango wa tohara, mnitafutie palipoandikwa kwamba kitu kikiwa najisi basi kinaruhusiwa kuteswa. Hamtapata. Najisi ni hukumu ya maji na udongo. Inakwambia uoshe nini na mara ngapi. Haikwambii hata neno moja juu ya kupiga.

Tena sisi Mashaafi‘iy tunajua kuwa kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu ya mbwa, hakuna cha kuosha. Shida inakuja penye unyevu. Sasa fikirini wenyewe. Mbwa aliyelowa mvua, aliyejaa tope, aliyekata mnyororo kwa hofu na kuingia sebuleni mwako, ndiye atakayekuletea kazi ya udongo na maji mara saba saba nyumba nzima. Mbwa aliyekaa mkavu kibandani kwake hakupi kazi yoyote. Aliye na wasiwasi wa najisi ndiye wa kwanza anayepaswa kumjengea mbwa wake mahali pakavu!

Na tulipokuwa tunapiga kelele siku ile, nilisahau hadithi ambayo nimeisoma mara nyingi, ya Ibn ‘Umar (Radhiya Allaahu ‘anhumaa) katika Swahiyh al-Bukhaariy, kwamba mbwa walikuwa wakipita huku na huku ndani ya msikiti zama za Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) na hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili ya hilo. Maulamaa wetu wameieleza kwa namna zao, kuwa ardhi ilikuwa kavu au ilitwaharika kwa jua. Sawa. Lakini hakuna aliyesimulia kwamba walipigwa mawe.

Msiniulize basi kama kila mtu afuge mbwa. Hapana. Aliyefuga mbwa pasipo haja ya uwindaji, mifugo au shamba, tumefundishwa kuwa ujira wake unapungua kila siku, na Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Mbwa wa kulinda nyumba Imaam An-Nawawiy amewataja kuwa kauli sahihi zaidi ni kuruhusiwa, kwa kupimwa na wale watatu. Kwa hiyo asiye na haja ya ulinzi asifuge, na wale vijana wanaofuga kwa kuringa barabarani wajue wanajipunguzia wenyewe. Lakini ukishamfuga kwa haja, usiku anakesha wewe umelala, basi huyo ni amana mkononi mwako. Mwanamke aliyemfungia paka hakuulizwa kama paka ni twahara. Aliulizwa kwa nini hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia. Kumfunga ndiko kulikompa jukumu.

Tena kumbukeni yule mbwa wa watu wa Pangoni, katika Suuratul-Kahf. Allaah Ametuambia alikuwa wapi, kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele. Hakuwa ndani pamoja nao, na hakufukuzwa mbali. Mimi naona hapo ndipo mahali pa mbwa wa Muislamu: mlangoni kwa nje, penye kivuli na kinga.

Sasa tufanye nini kwa vitendo? Niliuliza daktari wa mifugo na watu wenye mbwa, nikaona mengi hayahitaji hata fedha.

Kubwa kuliko yote ni kumfungua kabla ya mvua. Wewe unayaona mawingu tangu Alasiri. Funga geti, mwachie mbwa mnyororo, aende anakotaka ndani ya ua. Kama ua hauna geti, mwingize stoo, au jiko la nje, au gereji, umfungie humo na maji yake. Na lifanyike mapema, kwa sababu radi ikishaanza hakuna mtu atoke nje, si mtoto si mzazi. Mnyororo wa chuma uliofungwa kwenye mti mrefu au kwenye uzio wa waya ni hatari ya pili, radi ikipiga mti au uzio chuma kinaipitisha.

Kibanda kiwe cha mbao, kimeinuliwa juu ya matofali ili maji yapite chini, na mlango wake usielekee upepo unakotoka. Bati tupu si zuri, kwani mvua ikipiga juu yake kelele zinakuwa maradufu kwa mnyama ambaye tayari anaogopa kelele. Ukiwa na bati tu, weka mbao au magunia chini yake. Kisha azoeshwe kibanda hicho siku za jua, alishwe humo, akijue kuwa ni chake. Mbwa hawezi kukimbilia mahali ambapo hajawahi kupaona ni salama.

Akishajificha, aachwe. Awe chini ya gari, nyuma ya magunia, popote asipomdhuru mtu. Msimvute, msimpige, msiwaruhusu watoto wamchungulie na kumcheka. Kupiga hakuondoi hofu, kunamfundisha kuwa radi ikija na nyinyi mnakuwa adui. Kuna watu wanasema ukimtuliza mbwa wakati wa hofu unamharibu, atazoea kudeka. Wataalamu wa leo hawakubaliani na hilo, hofu haiongezeki kwa kutulizwa. Kaa barazani karibu yake kama ni salama, ongea naye kwa sauti ya kawaida, yatosha.

Redio ikiwashwa karibu yake husaidia kufunika ngurumo za mbali. Kijana mmoja aliniuliza kama amwekee Qur-aan. Nikamwambia Qur-aan inawashwa kwa ajili ya kusikilizwa, wewe mwekee taarifa ya habari, au mpira.

Wanafunzi wenye simu nanyi mna kazi ya kufanya wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti. Tafuteni sauti ya radi iliyorekodiwa, iwekeni chini sana, kiasi cha kusikika kidogo, huku mbwa anapewa chakula anachokipenda. Akila bila wasiwasi, siku nyingine ongezeni kidogo. Akisita, rudisheni chini. Ni kazi ya wiki nyingi na si wote wanaopona, kwani radi ya kweli ina umeme na upepo ambao simu haina. Lakini wengi hupata nafuu. Wakati wa masika msifanye, mtamchanganya.

Mbwa anayejijeruhi, anayevunja milango, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Zipo dawa za kutuliza hofu, na yeye ndiye anayejua kipimo kwa uzito wa mnyama. Tafadhalini sana, msimpe vidonge vya binadamu. Parasetamoli na ibuprofeni tunazonunua dukani ni sumu kwa mbwa, na nimeambiwa wapo wanaowapa wakidhani wanawasaidia. Na mbwa wote wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, hata yule mpole. Gharama ya chanjo ya mbwa haifiki popote ukilinganisha na sindano za mtoto mmoja.

Kwa wale mtakaosema bado kuna yatima na wajane wa kuwashughulikia kwanza, nakubali, na kurasa hizi zimewataja na zitaendelea kuwataja. Lakini niambieni, kufungua mnyororo saa kumi na moja jioni kunamnyima yatima gani chakula chake? Kibanda chetu tulikitengeneza kwa mbao nne za kreti.

Nimesema chetu kwa sababu jirani alipata mbwa mwingine, na safari hii tulikubaliana. Mawingu yakikusanyika wakati wa darasa, mwanafunzi mmoja wa zamu hutumwa kumwambia jirani, naye humfungua mbwa na kumwingiza stoo. Yule kijana aliyeng'atwa sasa yuko sekondari, bado anapita mbali na stoo ile, na simlaumu. Watoto wadogo wanapenda sana hiyo zamu, wanagombania. Wiki iliyopita mmoja alirudi mbio akiuliza kama kanzu yake imeingia najisi kwa kuwa mbwa alimpitia karibu mlangoni. Nikamuuliza: “Alikuwa amelowa?” Akasema hapana, mvua ilikuwa bado. “Na kanzu yako?” Kavu. Nikamwambia akae, aendelee na somo.

Wallaahu A‘lam.